Tangu tetemeko, mwanangu analala na kandambili miguuni

Shangazi, shikamoo. Ninaishi pembezoni mwa mji wa Bukoba. Tangu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, miezi minne sasa, mwanangu wa miaka minane anakojoa kitandani, analala na kandambili miguuni, na kila usiku anaweka kikombe cha maji juu ya kigoda ili aone kama yatatikisika. Baba yake anasema ni deko na amekwisha kumchapa mara mbili. Babu yake aliangukiwa na ukuta. Mtoto tulimwambia amesafiri. Nifanyeje? – Mama Mwenye Hofu

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Nianze na fimbo, kwani hiyo haiwezi kusubiri. Zungumza na mwenzako kwa heshima, mkiwa wawili tu, umweleze kwamba mtoto aliyekwisha kuacha kikojozi akakirudia baada ya janga hafanyi hivyo kwa makusudi, na kwamba kila anapochapwa anaona hata watu wa nyumbani wanaweza kumgeuka ghafla, kama ardhi ilivyomgeuka Jumamosi ile alasiri. Kikombe kile si deko. Mtoto amejipa zamu ya ulinzi, na anailinda familia nzima peke yake.

Zito zaidi ni habari ya babu. Mtoto wa umri huo aliwaona waombolezaji, akasikia vilio, na ninavyodhani anajua kila kitu isipokuwa ruhusa ya kukisema. Mwambie kwa maneno machache na ya wazi: babu alifariki, ukuta ulimwangukia, hatarudi, na wewe hukufanya kosa lolote. Hilo la mwisho usiliache, maana watoto hujitwika lawama ambazo mtu mzima hawezi hata kuzikisia. Kama kaburi liko kibanjani, nendeni pamoja, mwache apalilie akitaka, aulize akitaka.

Kuhusu nyumba, usimwambie ni salama kabla hujahakikisha. Tetemeko lile la ukubwa wa 5.9 liliua watu 17 nchini na kubomoa hata majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato, kwa hiyo mtoto anayeutilia shaka ukuta wenye ufa ana hoja kutushinda sisi wakubwa. Mwite fundi anayeijua kazi yake, aukague mtoto akiwepo, aseme kweli kama nyumba ina lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta, na nini kirekebishwe. Ikishathibitika kuwa inalalika, sogezeni kitanda karibu na mlango, mpe tochi yake, na ulale naye siku za mwanzo.

Kwa kuwa miezi minne imepita, mpeleke pia hospitali ya mkoa na uulizie huduma ya afya ya akili. Huko hawaendi vichaa peke yao, hata kama majirani watasema hivyo.

Kikombe mwachieni. Usiku atakaosahau kukijaza, usimkumbushe.