Mchunga Si Mfugaji: Majibu kwa Wasomaji

Kuna tofauti gani kati ya mchungaji na mfugaji?

Swali hili hurudi kila kiangazi, ng'ombe wanapoanza kutajwa kwenye vichwa vya habari, na jibu halijabadilika. Kufuga ni kuwa na mnyama na kumtunza ili akufae. Kuchunga ni kumfuata malishoni, fimbo mkononi, umfikishe kwenye majani na maji, kisha jioni umrudishe akiwa mzima. Mwenye ng'ombe mia anayeishi mjini na kupokea hesabu kwa simu ni mfugaji, ingawa hajachunga hata siku moja. Kijana anayelifuata kundi hilo kwa ujira ni mchungaji, na huenda hana hata mbuzi wake mmoja. Kwa hiyo mwandishi anayetuarifu kwamba "wachungaji wamevamia mashamba ya mahindi" amemtwisha kijana huyo kosa ambalo pengine ni la tajiri wake, na zaidi ya hapo amewashtua waumini wanaodhani waliokamatwa ni wachungaji wao wa kanisani. Waliotafsiri Zaburi ya 23 walilitumia neno hili mahali pake waliposema "Bwana ndiye mchungaji wangu", kwa kuwa kinachosimuliwa humo ni malisho, maji na njia. Na ukimtaja mnyama moja kwa moja, sema mchunga mbuzi. "Mchungaji mbuzi" ni mbuzi aliyepewa usharika.

Je, maksai ni fahali?

Alikuwa, kabla ya kuhasiwa.

Mtamba ni ng'ombe wa namna gani?

Ni jike ambaye bado hajazaa. Ripoti zetu huandika "ng'ombe jike mdogo ambaye hajazaa", maneno matano kwa kazi ya neno moja, kisha waandishi hao hao hulalamika kwamba Kiswahili ni maskini wa istilahi. Usiende mnadani bila neno hili, usije ukauziwa ng'ombe mzee kwa bei ya mtamba.

Ng'ombe anakamwa au anakamuliwa?

Yote mawili yanasemwa, na sitamsahihisha mtu barabarani, lakini mimi huandika kukama. Kukamua ni kukibana kitu mpaka kitoe kilichomo: chungwa, jipu, nguo iliyofuliwa. Kwenye zizi la asili ng'ombe hafanyiwi hivyo. Kwanza huachiwa ndama anyonye kidogo ili mama ashushe maziwa, kisha ndama hufungwa karibu na mguu wa mbele, mahali ambapo mama anaweza kumlamba, na mkamaji huchuchumaa ubavuni, kibuyu kikiwa kati ya magoti, akivuta chuchu mbili kwa zamu. Anayebana kiwele kama chungwa hupigwa teke, na anastahili. Wafanyabiashara wanaosema kwamba wanakamuliwa kodi wanalijua neno hili kuliko baadhi ya mabwana mifugo.

Dang'a ni nini, na yanapatikana wapi kwa kununua?

Ni maziwa ya kwanza ya mnyama aliyetoka kuzaa, mazito na yenye rangi ya manjano. Sehemu ya pili ya swali imeniudhi. Ndama huzaliwa akiwa hana kinga ya kutosha ya maradhi, naye huipata katika maziwa hayo, ambayo lazima ayanyonye ndani ya saa chache za mwanzo. Asiuze mtu dang'a huku ndama hajashiba.

Mifugo yangu "imekonda" au "wamekonda"?

Naandika imekonda. Dawa ya kukonda ni majani, si upatanisho wa kisarufi.

Zizi na boma ni kitu kimoja?

Hapana. Zizini hulala mifugo. Boma ni ua mzima, pamoja na nyumba za watu na zizi lao. Ngome na ofisi za utawala wa Wajerumani nazo ziliitwa boma, na jina likabaki kwenye ofisi za wilaya, ndiyo maana Mtanzania anayefunga ndoa ya serikali huenda bomani, mahali ambapo ng'ombe pekee wanaotajwa ni wale wa mahari.