Namba ya kwanza ya likelemba ni deni, usimpe mtu wa forex

Usitume hizo dola 300. Nalisema hilo kabla ya kugusa maswali yako mengine, maana nimeona umeandika "kesho asubuhi namtumia" na vidole vikaanza kuniwasha.

Kwa ambao hamjapanda juu kusoma: mdogo wetu anauza yunite (muda wa maongezi wa simu) na M-Pesa pale karibu na Signers, hapa Goma. Likelemba yao, yaani upatu wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, ni ya watu 12, dola 50 kila mwezi, na kura imempa namba ya kwanza. Ameshika dola 600. Nusu anataka kumpa "kochi" wa forex, ile biashara ya kubashiri bei mtandaoni, aliyemwahidi asilimia 10 kila wiki. Halafu anauliza aweke akiba kwa dola au kwa franka, aanze kufuga sungura au aache, programu gani ya simu ni nzuri kwa kuandika matumizi, na kama AVEC (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) ni bora kuliko likelemba.

Mdogo wangu, hizo pesa umeziita "mtaji niliojaliwa". Nani kakujalia? Umekopeshwa. Katika hizo 600, zako ni 50 tu, zile ulizotoa mwenyewe siku ya kura. Hizo 550 nyingine ni za watu 11, nao watakuja kuzidai mmoja mmoja, mwezi kwa mwezi, mpaka zamu ya mwisho. Hakuna riba, hakuna karatasi ya kusaini, ndiyo maana halionekani kama deni. Jaribu tu kukosa mwezi mmoja uone mama anayeshika daftari atakavyokuja kusimama mbele ya meza yako saa ya wateja.

Mimi nilipata namba ya kwanza Januari 2023. Watu 12, dola 50, sawasawa na wewe, ndiyo maana nimeshtuka kiasi hiki. Nilikuwa nauza sahani, ndoo na chupa za chai mtaa wa Birere. Siku nilipopokea zile 600 nilipita mtaani nimetanua mabega kama mtu aliyeuza kiwanja. Dola 200 nikatia kwenye mzigo. Dola 400 zikaingia kwenye akaunti ya trading.

Aliyenipeleka huko simtaji, mama yake ni mtu mwema na tunasali pamoja. Alikuwa na kundi la WhatsApp, dola 30 kwa mwezi ili upate "siginali", yaani kuambiwa lini ununue na lini uuze. Kila asubuhi anarusha picha: leo yuko hoteli ya kando ya ziwa, kesho ameegemea jeep. Jeep ilikuwa ya shemeji yake. Kule hotelini kila picha ilikuwa na glasi moja ya juisi, na sisi wanakundi tukasema kochi ni mtu wa nidhamu, hanywi pombe. Skrinishoti za faida zilikuwa za akaunti ya demo, yaani pesa za kuchezea ambazo broka, kampuni inayokufungulia akaunti, inampa kila mtu bure. Hilo nalo nililijua baadaye.

Sasa sikiliza jinsi pesa inavyoondoka, maana hakuna kochi atakayekuonyesha hesabu hii. Tulikuwa tunacheza dhahabu. Ukifungua loti 0.10 ya dhahabu, umeshika wakia 10. Bei ya wakia ikipanda dola 1, unapata dola 10. Ikishuka dola 1, unapoteza dola 10. Wakia 10 wakati ule zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 19,000. Mimi nilikuwa na 400. Tofauti ile broka anakuazima, wanaita levareji, na yangu ilikuwa 1 kwa 500. Kochi alituambia hiyo ni baraka: "Wazungu wanakupa nguvu ya tajiri." Wazungu wenyewe, mwaka 2018, mamlaka yao ya masoko ya fedha ya Umoja wa Ulaya iliwakataza mabroka kumpa mtu wa kawaida zaidi ya 1 kwa 20 kwenye dhahabu. Ikawalazimisha pia kuandika wazi ni wateja wangapi wanapoteza, kwa sababu ilikuta kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida zinapata hasara. Kwa sheria yao, na dola 400 zangu nisingeruhusiwa hata kufungua ile loti 0.10. Ila sisi wa Birere tulipewa nguvu ya tajiri.

Mwanzoni ilipanda kidogo, akaunti ikasoma 430. Nikamwonyesha mke wangu. Akauliza swali moja: "Zinatoka?" Nikamwambia subiri zikue. (Mdogo wangu, oa mtu wa maswali mafupi, halafu umsikilize.)

Alhamisi tarehe 2 Februari dhahabu ikashuka kutoka juu ya 1,950 hadi karibu 1,912. Kochi akaandika kwa herufi kubwa kwamba hiyo ni bei ya zawadi, tununue wote Ijumaa. Akasema tusiweke stopu, yaani ile amri ya kufunga biashara yenyewe hasara ikifika mahali fulani. Stopu ni ya waoga, alisema. Nikanunua.

Ijumaa hiyo, tarehe 3, Papa Francisco alikuwa ameondoka Kinshasa asubuhi kwenda Juba. Soko zima linaongea habari za Papa, redio zote Papa, mimi macho kwenye simu. Saa tisa na nusu mchana saa za Goma, Marekani ikatoa hesabu ya ajira za mwezi: nafasi mpya 517,000, wakati wataalamu walikuwa wanangoja chini ya 200,000. Ajira zikiwa nyingi hivyo, benki kuu yao inaendelea kupandisha riba, dola inapata nguvu, na dhahabu ambayo haimlipi mwenye nayo riba yoyote inaporomoka. Wakati ule sikujua lolote katika hayo. Nilichoona ni namba nyekundu. 1,900. 1,890. 1,880. Mama mmoja mbele yangu ananiuliza dazeni ya sahani bei gani, nikamtajia bei ya nusu dazeni, akalipa haraka akaondoka bila kuomba nimpunguzie. Kochi kwenye kundi: "Shikilieni! Msifunge! Itarudi!"

Bei ikapita chini ya 1,870. Broka alikuwa ameshafunga kila kitu mwenyewe, haombi ruhusa. Ilibaki dola 7 na senti. Nikataka kuzitoa, nikaambiwa kiwango cha chini cha kutoa ni dola 10. Ziko huko mpaka leo, ndiyo akiba yangu ya nje ya nchi.

Na kinachouma kuliko vyote: ilirudi kweli. Machi ya mwaka uleule, Silicon Valley Bank ilipoanguka kule Marekani, watu wakakimbilia dhahabu, ikapita hata 1,950. Kochi akarusha chati kwenye kundi: "Niliwaambia!" Sasa fikiria hapo. Mwenye pesa yake mwenyewe, na loti ndogo, angeweza kukaa wiki zile zote anakula ugali wake, akatoka na faida. Mimi nilikuwa na akaunti iliyokufa na mama wa daftari aliyezaliwa upya kila mwisho wa mwezi. Pesa ya deni ina kalenda yake, na kalenda hiyo haiko kwenye chati. Ndiyo sababu nakuambia hata kama kochi wako angekuwa mkweli, hata kama dhahabu ingepanda mwaka huu wote, pesa ya namba ya kwanza haiwezi kungoja, na mtu asiyeweza kungoja ndiye anayeliwa.

Si mkweli hata hivyo. Asilimia 10 kila wiki, chukua kikokotoo. Dola 300 zikikua hivyo kwa wiki 52 zinakuwa zaidi ya 42,000. Mtu mwenye uwezo huo anatafuta nini kwa muuza yunite wa Signers? Nitakuambia anachotafuta, maana mmoja wao alinieleza tulipokuwa hatudaiani tena. Umefungua akaunti kwa linki yake, sivyo? Basi broka anamlipa kwa kila loti unayofungua, ushinde ushindwe. Kuna mabroka wanaompa hata fungu la kile unachopoteza. Kwa hiyo siku ile tunaungua sisi, yeye alikuwa anapokea. Na bado alitudai dola 30 za Februari! Mimi nililipa. Nililipa, jamani.

Halafu likaja lile ambalo halimo kwenye kundi lolote la siginali. Likelemba yetu ilikuwa kwa dola, wateja wangu wa sahani wananilipa franka. Januari 2023 dola 50 nilizipata kwa kambisti (mbadilisha pesa) kwa kama franka 100,000. Mwisho wa mwaka ule dola 50 hizohizo zilikuwa zimepita 130,000. Sahani hazikupanda kasi hiyo. Kila mwezi nilikuwa nauza ndoo zaidi ili nilipe deni lilelile, kisha nikaanza kulipa kwa pesa ya mzigo. Rafu ikabaki na chupa za chai za rangi isiyopendwa. Mwezi mmoja nikakwama kabisa nikaenda banki Lambert, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Dola 100, riba 30 kwa mwezi, televisheni ikabaki kwake kama rehani. Watoto waliangalia mpira kwa jirani mpaka jirani akaanza kufunga mlango mapema.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na nitairudia hata ukichoka: pesa ya namba ya kwanza inaingia tu mahali inapoweza kuzunguka na kurudi kabla ya mchango unaofuata. Wewe una mahali hapo, ni meza yako. Unajua mwenyewe jinsi watu walivyopanga mstari kutafuta keshi tangu benki za Goma zifunge milango Januari 2025. Mwenye noti na pesa kwenye simu, vyote viwili kwa pamoja, anafanya kazi siku nzima. Wangapi unawarudisha kwa siku kwa sababu huna keshi? Hesabu hao. Hizo 600 zigawe, sehemu iwe noti, sehemu iwe kwenye simu, na kila jioni toa kwanza fungu la mchango. Dola 50 kwa mwezi ni chini ya dola 2 kwa siku. Iweke kando kabla ya kununua hata mandazi. Na noti za dola uzikague upande wa mwanga kabla ya kupokea, ikiwa na mpasuko mdogo tu hakuna atakayeichukua kwako.

Ukitaka akiba kweli, omba namba ya mwisho. Mtu wa namba 12 anakuwa ameshalipa kila mtu, zile 600 anazopokea ni zake hadi senti, hakuna anayemngoja mlangoni. Hatari yake ni moja, wa mwanzo kukimbia, kwa hiyo ingia na watu ambao unajua wanalala wapi. Hapo, ukiwa na 600 zako, ukitaka kutupa 20 kwenye dhahabu tupa, sitakuja kukusumbua. Utapoteza 20, utacheka, utalala.

AVEC ni nzuri, kwa sababu sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, na riba ya mikopo inarudi kwenu wenyewe siku ya kugawana. Ila kwanza maliza deni hili.

Dola au franka: mchango wako ni wa dola, basi fungu la mchango liwe dola siku hiyohiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Mengine sijui nikuambie nini, programu ya simu sijawahi kutumia, nina daftari la shule lenye picha ya simba. Sungura waulize watu wa Sake.

Kesho asubuhi, badala ya kumtumia kochi, kama unachagua akiba kuliko kuzungusha hizo 600 mezani, nenda kwa mama wa daftari umuulize nani ana namba 12 na ana shida ya haraka. Yuko mtu, huwa hakosekani, ana mtoto anadaiwa minerval (karo ya shule) au nyumba inavuja. Badilishaneni mbele ya wote, umkabidhi hizo 600, na iandikwe. Na kama kochi ameshakutumia ile linki, usiifungue, nitumie mimi inboksi nione kama ni shemeji wa yule yule.