Kabla hujatafsiri "den", mfuate mnyama hadi shimoni

Wanafunzi ninaowafundisha Kiingereza hapa Iringa, pamoja na vijana wanaojiandaa kuwa waongoza watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huniuliza mara kwa mara namna ya kulitafsiri neno "den", nami nimezoea kuwarudishia swali: ni nani aliyemo ndani, na ameingia humo kufanya nini? Neno hili fupi hutaja makao ya mnyama wa porini, hasa yule anayekula nyama, lakini pia hutaja maficho ya majambazi, chumba kidogo cha kupumzikia nyumbani na hata uwanja wa mpira. Mwanafunzi aliyekariri tafsiri moja ya kamusi hukwama pale anapokutana na matumizi ya pili. Kwa uzoefu wangu, njia iliyo salama zaidi ni kuanza na mnyama mwenyewe, kwa sababu maana karibu zote za kitamathali zimetokana na mwenendo wake.

Tuanze basi na mbwa mwitu, ambao Ruaha ni miongoni mwa maeneo machache barani Afrika ambako bado wanaonekana. Kundi la mbwa mwitu huzunguka katika eneo kubwa na halina makao ya kudumu, isipokuwa katika kipindi cha miezi mitatu hivi baada ya jike kuzaa, ambapo kundi zima hulizunguka shimo moja, huenda kuwinda na kurudi, na waliokula hutapika nyama ili kuwalisha watoto na wanaowalinda. Mara nyingi shimo hilo hawakulichimba wao, bali lilichimbwa na muhanga, mnyama wa usiku mwenye kucha imara anayekula mchwa na sisimizi, kisha akaliacha. Fisi madoa nao huwaficha watoto wao katika mashimo yenye njia nyembamba kiasi kwamba fisi mkubwa hawezi kupenya, hivyo mama husimama mlangoni na kuwaita watoke wanyonye. Kwa wanyama hawa shimo ni mahali pa kulelea, na ni pa muda tu. Ngiri ni habari nyingine: yeye huligeuza shimo la muhanga kuwa chumba cha kulala, huingia kinyumenyume ili pembe zake zikabili mlango, na mahali hapo Kiingereza hupendelea kupaita "burrow", kwa kuwa neno "den" limeelemea kwa wanyama wawindaji.

Kwa waongoza watalii, tofauti hii ina uzito wa kikazi. Mgeni akisikia kwamba mbele kuna "den" ya mbwa mwitu, anatarajia watoto, na atakuomba usogeze gari. Usikubali. Wanyama waliosumbuliwa shimoni huweza kuwahamisha watoto wakiwa wadogo, na kuhama huko kunawaweka watoto hatarini, kwa hiyo tumia neno hilo pale tu unapoweza kukaa mbali na kutumia darubini.

Sasa yuko simba, ambaye watu wengi humhusisha na neno hili kuliko mnyama mwingine yeyote, ingawa kwa kweli simba hana shimo. Simba jike hujitenga na kundi anapokaribia kuzaa, akawaficha watoto vichakani au katikati ya mawe, akawahamisha mara kwa mara, na baada ya wiki kadhaa huwapeleka kundini. Je, lile tundu la simba tunalolijua tangu shule ya Jumapili limetoka wapi? Limetoka katika sura ya sita ya kitabu cha Danieli, na ukiisoma kwa utulivu utaona kwamba hapakuwa porini, bali palikuwa mahali pa kufungia simba wa mfalme, mahali ambapo mtu alitupwa ndani na jiwe likawekwa mdomoni. Sura hiyo iliandikwa kwa Kiaramu, na neno lililotumika lina maana ya shimo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika "den", na Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, ikaandika "tundu", neno ambalo pia hutaja kizimba cha kufungia ndege na wanyama. Naliona kuwa chaguo zuri sana.

Biblia hiyohiyo ya Kiingereza ilitumia tena "den" katika Mathayo 21:13, pale Yesu anapowafukuza wafanyabiashara hekaluni, lakini safari hii watafsiri wa Kiswahili hawakusema tundu, walisema pango la wanyang'anyi. Nao walikuwa na sababu, kwa kuwa neno la Kigiriki hapo ni la pango la mwambani, na maneno yenyewe yanarejea Yeremia 7:11. Hapa ndipo ninapopenda kukaa na wanafunzi kwa muda mrefu. Wengi hudhani kwamba pango la wanyang'anyi ni mahali watu wanapoibiwa. Ukisoma sura hiyo ya Yeremia utakuta anawashutumu watu wanaoiba, wanaoua na kuapa uongo huko nje, kisha wanakuja kusimama hekaluni na kusema kwamba wako salama. Pango, basi, ni mahali mnyang'anyi anaporudi baada ya kunyang'anya, kama fisi anavyorudi baada ya windo. Anayelijua hilo hawezi kuita kila duka lenye bei kubwa "den of thieves", ingawa siku hizi hata Waingereza wenyewe hulitumia kwa ulegevu huo.

Kuna kikwazo kidogo ambacho walimu wenzangu watakitambua. Ukisema tundu mbele ya darasa, fikra za watoto huenda moja kwa moja kwenye matundu ya vyoo, kwa sababu ndivyo tunavyohesabu vyoo vya shule katika kila taarifa. Ukisema pango, wapo wanaowaza kodi ya pango inayodaiwa na mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Vicheko vikiisha, somo huwa limeingia vizuri zaidi, kwa hiyo sivizuii.

Jambo ambalo kamusi hailisemi kwa sauti ya kutosha ni kwamba neno hili likitumika kwa makao ya binadamu, mara nyingi hubeba hukumu. Mwanafunzi mmoja aliandika insha ya Kiingereza kuhusu Mtwa Mkwawa, akieleza kwamba baada ya ngome ya Kalenga kuanguka mikononi mwa Wajerumani mwezi Oktoba 1894, Mkwawa aliendelea kupigana kwa kujificha hadi kifo chake tarehe 19 Julai 1898, na kila alipotaja maficho hayo akaandika "Mkwawa's den". Sarufi yake haikuwa na dosari. Hata hivyo msomaji wa Kiingereza angeona kwamba mwandishi amesimama upande wa wanaowinda, na kwamba anayewindwa ni mnyama mkali au mhalifu, jambo ambalo mtoto wa Uhehe hakulikusudia hata kidogo. Nilimshauri atumie "hideout", au "refuge" ikiwa anataka msomaji amhurumie aliyejificha. Jiulize kila mara mwandishi yuko upande gani wa mlango wa shimo.

Ukigeuza upande, yaani unapotafsiri kwenda Kiswahili habari za polisi kuvamia "den" ya wavuta dawa za kulevya, usikimbilie pango. Kiswahili cha magazeti yetu kina kijiwe, nalo ni neno zuri, ila lenyewe halina hatia: pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, kuna kijiwe cha bodaboda na kijiwe cha kahawa, na hakuna anayevunja sheria kwa kukaa hapo. Ndiyo maana ni lazima uongeze kazi inayofanyika, useme kijiwe cha wavuta bangi, au uandike maficho ya majambazi pale ambapo siri ndiyo yenye uzito. Nyumba ya ukahaba ina jina lake, danguro, wala haihitaji mnyama yeyote. Vijana wana neno chimbo, lililotoka kwenye mashimo ya wachimbaji kama yale ya dhahabu kule Chunya, na mtu akisema yuko chimbo anamaanisha kwamba amejichimbia mahali pasipoonekana ili afanye jambo lake bila kusumbuliwa. Kwa maoni yangu hakuna neno la Kiswahili lililoukaribia upande mwema wa "den" kama hili, ingawa singelitumia katika barua ya ofisi.

Nimesema upande mwema kwa sababu upo, na wanafunzi wetu huukosa kwa kuwa wamekutana na simba na wanyang'anyi pekee. Katika nchi za baridi dubu hujifungia shimoni majira yote ya baridi, na jike huzaa humohumo, hivyo watu wa huko wana picha ya shimo lenye joto na usingizi. Marekani, kwa mfano, watoto wadogo wa skauti hugawanywa katika vikundi vidogo, na kila kikundi huitwa "den", bila ubaya wowote. Timu ya Millwall ya London, ambayo kwa utani huitwa Simba, huchezea uwanja unaoitwa The Den, uliofunguliwa mwaka 1993 kuchukua nafasi ya uwanja wa zamani wenye jina hilohilo, uliotumika tangu mwaka 1910. Jina hilo liache lilivyo, kisha ueleze mara moja kwamba ni makao ya simba, hasa kwa kuwa hapa Tanzania ukisema tu uwanja wa Simba utawachanganya mashabiki. Na ukikutana na tangazo la nyumba ya Marekani linalosema ina vyumba vitatu vya kulala na "den", usiandike pango wala chimbo: andika chumba kidogo cha kujisomea au cha kutazama televisheni, kwa kadiri maelezo mengine ya tangazo yanavyoonyesha.