Kwanza pima nafasi ya tairi, uzito baadaye

Ndugu, umeuliza uchukue ile baiskeli ya kaboni nyepesi ambayo mwisho wake ni tairi zenye upana wa milimita 40, au ile ya chuma ya mtumba inayoingia za 50, kwa mbio zako za kwanza za kilomita 600 mfululizo. Chukua ya chuma.

Mimi nilianza na kaboni. Siku moja ya mazoezi tulitoka Kiserian, karibu na Nairobi, alfajiri, tukaiacha lami kuelekea Kajiado. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ule udongo mweusi ukikauka ni sakafu, ukilowa ni gundi. Hatukwenda mita 300, magurudumu yangu yakagoma kabisa, matope na nyasi vimeshindiliwa kati ya tairi na fremu. Nikaibeba begani muda wa saa mbili, na kwa matope yale hakuna aliyeuona wepesi wa kaboni. Wenzangu wenye nafasi pana nao walishuka, lakini walikwangua kwa kijiti na kusukuma.

Hata Marekani, kwenye Unbound ya 2023, mbio za baiskeli za barabara za changarawe kule Kansas, matope ya mwanzoni tu yalivunjia watu wengi direila, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kwenye gia. Cheni ikianza kukwama, shuka. Usilazimishe pedali. Tena nunua mapema kile kipande kidogo kinachoishikilia direila kwenye fremu, kwa sababu fremu nyingi zina chake, na njiani hutakipata.

Baada ya tairi, gia. Kutoka Kiserian hadi Magadi unateremka zaidi ya mita 1,000, na kurudi ndiko kunakokuonyesha kama gia zako ni za mbio ndefu. Nilikuwa na meno 42 mbele na 36 nyuma, nikatembea. Sasa nina 36 mbele na 46 nyuma. Muulize fundi kwanza kama direila yako inamudu gia kubwa hivyo. Baada ya saa 20 barabarani, magoti yako hayatakuwa yale uliyotoka nayo nyumbani.

Miiba ya migunga ya huku kwetu haina huruma na tyubu. Weka tairi zisizo na tyubu, mimina ndani dawa ya kuziba matundu, na uikague kila baada ya miezi miwili, maana joto huikausha. Beba vipande vya kuzibia, na tyubu mbili vilevile. Nina kilo 74, na kwenye tairi za 50 najaza upepo wa psi 28 mbele na 31 nyuma. Ukijaza hadi zigonge kama jiwe, mikono ndiyo itakayolia.

Na mikono naomba uitilie maanani. Vidole viwili vilinifa ganzi kwa wiki tatu kwa sababu usukani ulikuwa chini mno. Niliuinua sentimita 3, nikafunga utepe mnene, ikaisha. Jipime ukiwa umechoka: fundi akikupima asubuhi umelala vizuri, atakuweka mkao usioweza kuushikilia saa nane usiku.

Taa, mikoba na mengineyo utayapata polepole. Ukienda kuiona hiyo ya chuma, nenda na tairi ya 50 mkononi. Ivalishwe, ijazwe upepo, kisha upitishe kidole chako kidogo kila upande, hasa pale fremu inapobana nyuma ya pedali. Kisipopita, usilipe.