Muulize Mzee wa Mizani: Kilo ya kabatini imekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Kitabu cha fizikia alichosomea kaka yangu kinasema kilogramu ni kipande cha madini kilichohifadhiwa Ufaransa. Mwalimu wetu anasema hilo limefutwa. Je, kilo ya sasa na ile ya zamani zinatofautiana? Na kama zinalingana, waliibadilisha ya nini? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kitabu cha kaka yako kilikuwa sahihi kilipoandikwa. Tangu 1889 hadi Mei 2019 kilogramu ilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho: silinda ya platini yenye asilimia 10 ya iridi, kimo chake na upana wake milimita 39 hivi, imefunikwa kwa kuba za kioo ndani ya kasha la Ofisi ya Kimataifa ya Mizani na Vipimo, Sèvres, jirani na Paris. Kulifungua kasha kulihitaji funguo tatu, na hazikushikwa na mtu mmoja.

Sasa tafakari. Silinda ile haikuweza kuwa pungufu wala kuzidi, maana ndiyo iliyokuwa kilo yenyewe. Ungeikwangua kidogo, kikanuni yenyewe ingebaki kilo moja, na kila kitu kingine ulimwenguni, pamoja na wewe na jua, kingekuwa kimeongezeka! Na matata hayakuwa ya kufikirika tu. Ilipolinganishwa na nakala zake, zilizotengenezwa kwa madini yaleyale, ilionekana kwamba katika takriban miaka 100 zilikuwa zimeachana kwa mikrogramu 50 hivi (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu). Ipi ilipungua, ipi iliongezeka? Hapakuwa na kilo ya tatu ya kuamua kesi hiyo.

Mikrogramu 50 ni kama mafuta yanayoachwa na alama ya kidole. Najua utacheka. Lakini mimi nimekula mshahara kwa kuhakiki mizani, na mawe ya mizani ya daraja la juu hatukuyagusa kwa mkono mtupu. Tuliyashika kwa koleo lenye ncha laini, na jiwe likitoka kwenye chumba chenye joto tofauti tuliliacha litulie kwanza. Kila jiwe huhakikiwa kwa jiwe bora kuliko lenyewe, na hilo kwa jingine, hivyo hivyo kupanda hadi Sèvres. Wa juu kabisa akiwa na shaka, sisi wa chini tungemshika nani?

Mita ilijinasua mapema kidogo. Mwaka 1791 Wafaransa waliamua iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Wanaastronomia wao, Delambre na Méchain, wakahangaika miaka kupima kipande cha kutoka Dunkerque hadi Barcelona, na 1799 ikawekwa fimbo ya platini. Fimbo hiyo ilikuwa fupi kwa karibu milimita 0.2, kwa kuwa ubapa wa dunia haukukadiriwa sawasawa. Haidhuru, wakaiacha. Leo, tangu 1983, mita ni umbali ambao mwanga husafiri kwenye ombwe katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Mwanga hauibiwi wala haushiki kutu.

Kilo ikafuata. Nchi wanachama wa Mkataba wa Mita, ule wa kimataifa wa vipimo wa 1875, zilipiga kura Versailles, Novemba 2018, na tarehe 20 Mei 2019, siku ya kumbukumbu ya mkataba huo, silinda ikastaafu. Sasa kilo imefungwa kwenye konstanti ya Planck, namba ya maumbile isiyobadilika. Njia mojawapo ya kuifikia ni mizani ya Kibble, iliyobuniwa na Mwingereza Bryan Kibble: uzito wa jiwe husawazishwa kwa nguvu ya umeme unaopita kwenye koili iliyo katikati ya sumaku, na umeme huo hupimwa kwa njia inayorudi moja kwa moja kwenye konstanti hiyo. Maabara yenye uwezo inaweza kuipata kilo bila kubisha hodi Sèvres. Wale Wafaransa waliahidi vipimo vya watu wote kwa nyakati zote. Kwa kilo, ahadi ilitimia baada ya karne mbili na ushee.

Kilo yako ya kila siku haikuguswa. Namba ilichaguliwa makusudi ilingane na silinda kadiri ujuzi wa kupima ulivyoruhusu. Atakayekuambia mizani yako inahitaji kurekebishwa kwa ajili ya mabadiliko hayo, anataka hela zako.

SWALI: Mimi ni seremala. Tepu yangu ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Upande upi ni sahihi zaidi? (Fundi)

JIBU: Fundi, hakuna ugomvi hapo. Tangu 1959 inchi ni milimita 25.4 kamili, kwa makubaliano ya Marekani, Uingereza na wenzao. Inchi haina fimbo yake popote; inaishi ndani ya mita.

Kinachoharibu mbao ni kuhama upande katikati ya kazi, hasa kwa wale wanaosema inchi ni sentimita mbili na nusu, basi. Mlango wa inchi 80 ni milimita 2,032. Ukitumia mbili na nusu unapata 2,000. Milimita 32 zimepotea, na hapo hata bawaba hazijafungwa. Chagua upande mmoja uanze nao na umalize nao. Mimi ningechagua milimita, kwa sababu sina subira na sehemu ya kumi na sita.

SWALI: Kama kila kitu ni kumi kumi, mbona saa ina dakika 60? (Msomaji)

JIBU: Walijaribu. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1793: siku saa 10, saa dakika 100, dakika sekunde 100. Watu hawakuitaka, na saa zilizokuwepo zote zilikuwa za mtindo wa zamani. Aprili 1795 sheria ileile iliyotaja mita, lita na gramu ikausimamisha mtindo huo wa saa wa kumi kumi bila kutaja siku ya kurudi. Haujarudi.

SWALI: Naona watu wanaandika Kgs, KM, ML. Nikisahihisha wananiita mjuaji. Nina haki? (Mhariri)

JIBU: Unayo, endelea. Ni kg, km na mL, bila s ya wingi. K kubwa peke yake ni kelvini, kipimo cha halijoto. M kubwa mbele ya kipimo ni mega, m ndogo ni mili: mg ni miligramu, Mg ni tani nzima, na kati yake kuna mara bilioni moja.

Kwenye dawa usicheke kabisa. Alama ya mikro ikiandikwa kwa mkono hufanana na m, ndiyo maana wengi huandika mcg kwa mikrogramu. Hiyo ni sehemu moja ya elfu ya miligramu. Ukiona mwandiko hausomeki, mrudie mfamasia akuandikie neno zima.