Siku ya mapumziko Burgos: miguu ipumzishwe vipi?

Swali: Shikamoo daktari. Mwezi wa tano mimi na dada yangu tutatembea njia ya mahujaji ya Santiago kule Uhispania, tukianzia Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa. Tumepanga kupumzika siku moja Burgos. Shida ni kwamba tulipojaribu hapa nyumbani, tulitembea siku nne mfululizo, tukapumzika ya tano, na ya sita miguu ikawa mizito kuliko kabla ya kupumzika. Dada alibaki na maumivu mbele ya ugoko. Je, mapumziko yana faida kweli au tuunganishe tu? Na malengelenge tuyatumbue au tuyaache? *(Msomaji, Tanga)*

Jibu: Marahaba. Pumzikeni, na Burgos mmechagua vizuri. Mtakuwa mmemaliza kama kilomita 285, na mbele yenu kuna nyanda za Meseta, tambarare ndefu isiyo na vivuli hadi karibu na León. Ila mapumziko yana namna yake.

Uzito mlioupata una sababu. Misuli iliyofanya kazi siku nyingi huwa na michaniko midogo midogo, na ikijitengeneza huvimba kidogo. Kigimbi ndicho kinachosukuma damu na maji kutoka miguuni kurudi juu, nacho hufanya kazi hiyo unapotembea. Ukishinda kitandani, maji hutuama kwenye vifundo na nyayo, na kesho yake unaamka na miguu kama ya kuazima. Kwa hiyo siku ya mapumziko tembeeni mara mbili au tatu, dakika 20 hadi 30 kila mara, polepole, bila begi. Kila mkirudi, laleni chali miguu ikiwa juu ya mito kwa robo saa, huku mkichezesha vifundo juu na chini.

Kosa la upande wa pili ndilo ninaloliona zaidi: mtu anasema anapumzika, kumbe anazunguka mji kutwa nzima. Kanisa kuu la Burgos, lililoanza kujengwa mwaka 1221, lina mengi ya kutazama, na kusimama juu ya sakafu ya mawe kwa muda wa saa tatu kunachosha nyayo kuliko njia ya vumbi. Liangalieni asubuhi, muda wa saa moja na nusu unatosha, kisha mrudi mkalale.

Malazi yapangeni mapema. Bweni la manispaa la mahujaji huwa linampokea mtu usiku mmoja tu, na asubuhi wote hutoka na mabegi yao. Tafuteni chumba cha nyumba ya wageni kwa usiku mbili ili miguu isianze siku kwa kubeba mzigo ikitafuta pa kulala. Epukeni pia Jumapili kama ratiba inaruhusu, maana maduka mengi hufungwa. Duka la dawa la zamu halikosekani; tafuteni msalaba wa kijani.

Sasa malengelenge. Dogo lisilouma liacheni, mlifunike tu. Kubwa linalouma mkikanyaga litobolewe, na jioni ya kufika ndiyo wakati wake, ili ngozi ipate usiku mbili za kukauka. Nawa mikono kwa sabuni, safisha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu, chukua sindano mpya iliyofungwa, toboa pembeni karibu na chini, matundu mawili. Kamua taratibu kwa shashi safi. Ngozi ya juu usiikate, hiyo ndiyo bandeji bora kuliko zote. Wapo mahujaji watakaowashauri mpitishe uzi na kuuacha ndani. Msikubali: uzi huo ni njia ya vijidudu kuingia.

Plasta nene za jeli zinazouzwa huko ni nzuri kwa lengelenge safi, lakini zikishabandikwa huachwa mpaka zitoke zenyewe, kwa kuwa ukizibandua mapema zinaondoka na ngozi. Msizibandike juu ya kidonda chenye usaha. Mchana wa mapumziko vaeni kandambili, na chumbani kaeni miguu wazi. Kuloweka miguu kwenye maji ya chumvi kwa muda mrefu, ambako wengi wanakupenda, hulainisha ngozi mnayotaka ikaze. Wekundu unaosambaa, joto, usaha, mstari mwekundu unaopanda mguu au homa: hapo ni hospitali, siku hiyohiyo.

Kabla hamjalaumu ngozi, kagueni viatu. Toeni soli ya ndani, pitisheni kidole ndani ya kisigino polepole. Mkikuta kitambaa kimetoboka au kuna mkunjo mgumu, lengelenge la kisigino litarudi hata mlitibu vipi. Burgos ni mji mkubwa, soli na soksi mpya zinapatikana. Kiatu kilicholowa kijazwe magazeti, kisianikwe kwenye hita, kwani gundi huachia.

Maumivu ya dada yako yananipa wasiwasi kuliko malengelenge. Mbele ya ugoko kuna kano zinazoinua unyayo. Miteremko, lami na kamba za kiatu zilizokazwa juu ya kifundo huzisaga, na siku moja haitoshi kuziponya. Alegeze kamba pale juu, aweke barafu iliyofungwa kwa taulo dakika 15, mara tatu kwa siku. Ibuprofen ya miligramu 400 baada ya chakula inaweza kusaidia, isizidi vidonge vitatu kwa siku, na asiitumie kama ana vidonda vya tumbo, shida ya figo, anatumia dawa za presha au amepungukiwa maji. Asimeze asubuhi ili aweze kutembea: maumivu yakinyamazishwa, kano huendelea kuchanika. Akibonyeza mfupa na maumivu yakawa sehemu moja ndogo, au yakimwamsha usiku, apigwe picha, huenda mfupa una ufa. Kigimbi kimoja kikivimba na kuwa na joto, msisubiri. Namba ya dharura ni 112.

Chakula: mlo mkubwa ni wa mchana, na jikoni nyingi hazifunguki usiku kabla ya saa mbili na nusu. Kama hamli nguruwe, jueni kwamba soseji ya morcilla ya Burgos hutengenezwa kwa damu yake, na supu ya dengu mara nyingi huwa na vipande vya soseji. Ulizeni kwanza.

Asubuhi ya kuondoka, dada ashuke ngazi ghorofa mbili akiwa na begi. Akichechemea, mbaki. Akishuka sawasawa, siku hiyo ishieni Rabé de las Calzadas, kama kilomita 13, au Hornillos del Camino, kama 21, msizidishe. Na ikibidi apumzike siku kadhaa, apande basi hadi León, wewe utembee, mkutane huko. Cheti cha Compostela, wanachopewa mahujaji wakifika Santiago, kwa anayetembea kinadai angalau kilomita 100 kwa miguu hadi Santiago, kwa hiyo hatakuwa amekipoteza.