Kulala porini na farasi Laikipia
Ndugu, umeuliza kama mnaweza kuzunguka Laikipia siku mbili na farasi watatu na kulala porini. Inawezekana, ila panga maji kwanza: farasi mmoja hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na jua likiwa kali huzidisha. Usiku ndio unaonitia hofu. Usiwafunge kwa hatamu. Farasi akishtuka, lijamu, kile chuma cha hatamu kinachokaa mdomoni, litamchana mdomo. Vuta kamba kati ya miti miwili, juu ya vichwa vyao, uwafunge hapo, na mkeshe kwa zamu, maana simba na fisi wapo. Visubi, wale wadudu wadogo wanaouma, nao huambukiza farasi ugonjwa wa kuua, hasa machweo hadi alfajiri, kwa hiyo mwone daktari wa mifugo mapema kuhusu chanjo. Mkiona tembo, zungukeni mbali sana.